Kodi tatu za mkono wa kushoto

Leo naweka PHP kando tuongee kuhusu kinanda. Kama unaweza kucheza wimbo kwa kidole kimoja, umeshafika mbali. Kilichobaki ni kuujazia sauti, na mtu wa kompyuta hulielewa jambo hilo upesi.

Chukua ufunguo wa C, yaani vitufe vyeupe peke yake. Kwa waliolelewa kwenye kwaya, C ndiyo do. Unahitaji kodi tatu tu (si zile za KRA): do-mi-so, fa-la-do na so-ti-re. Hesabu uone, sauti zote saba zimo humo. Wimbo ukiwa kwenye re au ti, mkono wa kushoto unapiga so-ti-re. Fa na la zina fa-la-do, mi ina do-mi-so. Zenye utata ni do na so, maana kila moja imo kwenye kodi mbili. Hapo sikio ndilo linaamua.

Kwa wapenda namba: katika MIDI, iliyoanza mwaka 1983, C ya kati ni 60. Kodi yoyote kati ya hizi ni x, x+4, x+7. Basi.

Ila usibadilishe kodi kwa kila noti, utasikika kama matatu inayoruka matuta. Badilisha kwenye pigo la kwanza la kipimo, zile za katikati ziache zipite. Na umalizie kwa so-ti-re kisha do-mi-so, ndipo wimbo unatulia.

Haya sikuyasoma kwa starehe. Nyanya alifariki mwezi Mei na mpiga kinanda wa kanisa alikuwa safarini. Mama akaniambia, "Si wewe unajua mashine?" Nilikuwa na siku nne. Nyanya aliimba sauti ya pili maisha yake yote, sikutaka tumzike kwa wimbo wa sauti moja.

Jumamosi shangazi akaanzisha wimbo kwenye D. Namba zote ni zilezile, unaongeza 2 tu. Nilingoja ubeti wa pili, nikabonyeza kitufe cha kuhamisha ufunguo mara mbili, nikaingia na do-mi-so. Wazee waliokuwa nyuma ya hema wakashika besi wenyewe, bila kuambiwa.