Nyeri Sio Yetu Peke Yetu

Wasee, leo nimekuja kuomba msamaha.

Wiki jana niliweka vidio nikisema Nyeri ni rahisi kuelezea: watu ni Wakikuyu, lugha ni Kikuyu, dini ni kanisa. Laiki zikamiminika. Halafu jamaa mmoja tuliyesoma naye shule ya msingi, wa mtaa wa Majengo hapa mjini, akanitumia ujumbe wa sauti: "Buda, sasa mimi ni wa wapi?"

Nilikosa jibu. Huyu jamaa ni Mwislamu. Alizaliwa hapa, mamake alizaliwa hapa, na Kikuyu chake kinashinda changu. Mimi nikiongea na shosho nachanganya Sheng mpaka ananiuliza nasema nini. Yeye humpigia stori na methali ndani.

Tuseme ukweli. Sensa ya 2019 ilihesabu watu 759,164 kaunti ya Nyeri. Wengi ni Wakikuyu, wengi ni Wakristo, hiyo sikatai. Lakini wengi sio wote. Adhana na kengele ya kanisa zinasikika mji huu huu mmoja. Na ukienda Nanyuki, Embu ama Meru, utapata mtaa unaoitwa Majengo pia.

Eti hao ni wageni? Waingereza walijenga ngome yao hapa mwaka wa 1902, na kati ya askari na wapagazi wao kulikuwa na Waswahili na Wasudani. Mwaka huo huo wamisionari wa Consolata kutoka Italia walifika Tuthu, Murang'a, kisha wakaja huku kwetu. Kwa hivyo msikiti na kanisa ni kama rika moja. Jina langu la ubatizo ni la Kiitaliano, na hakuna mtu amewahi kuniuliza babu yangu alishuka na meli gani.

Yeye ameulizwa. Nikichukua kitambulisho, nilienda ofisini mara moja, nikapigwa alama za vidole, nikangoja. Yeye aliambiwa alete karatasi za babu yake. Akarudishwa mara nne. Mwaka mzima hana laini ya simu kwa jina lake, hana M-Pesa, na kila kazi anaambiwa alete kitambulisho kwanza. Wakati huo mimi nilikuwa nimeacha chuo, nikidhani hakuna mwenye shida kunishinda.

Vidio yangu ilimwambia kitu kile kile alichoambiwa pale dirishani: wewe sio wa hapa. Tofauti ni kwamba mimi nilikuwa nacheka.

Nimeifuta. Nikampigia, nikamwambia pole. Akanyamaza kidogo, akasema, "Sawa. Kuja Ijumaa baada ya swala, mathe atapika pilau. Lakini usikuje na kamera."

Nitaenda. Na kamera naiacha nyumbani.