Herufi chache zilizoipa nafasi mashine ya dola 35

Mashariki mwa Kongo, kifaa cha elektroniki hakitupwi haraka. Simu ikimchosha mkubwa inapewa mdogo. Redio iliyonyamaza inapelekwa kwa fundi wa sokoni. Kompyuta iliyotumika Ulaya inafika Goma, Bukavu ao Lubumbashi ikiwa na miaka kumi mgongoni, na mwenye kuinunua anahesabu kwamba itamfanyia kazi miaka mingine mitano. Waya ukikatika, fundi anauunga. Betri ikivimba, anatafuta nyingine. Lakini kuna ugonjwa mmoja ambao fundi hawezi kuuponya kwa kuchomelea risasi: kifaa ni kizima, umeme upo, programu imewekwa sawasawa, halafu prosesa inagoma. Inatoa ujumbe mmoja mfupi kwamba imepewa agizo isilolijua, na programu inakufa hapo hapo.

Chanzo cha ugonjwa huo kiko mbali na meza ya fundi. Kiko kwa mtu aliyetengeneza programu, katika herufi chache alizoandika siku alipoiandaa. Herufi hizo ni machaguo ya kompaila. Wengi wanaotumia simu na kompyuta hawatayaona maisha yao yote, lakini ndiyo yanayoamua ni mashine ya nani itakayoingia na ya nani itakayobaki inje.

Prosesa haijui Kifaransa wala Kiswahili. Haijui hata lugha kama C ambazo wataalamu wanaandikia programu. Inajua namba tu, na kila jamii ya prosesa ina namba zake za maagizo. Kompaila ndiyo mkalimani anayekaa katikati. Wakaaji wa Kongo wanajua vizuri kazi ya mkalimani, kwa kuwa wanamwona makanisani na mikutanoni: kabla ya kufungua kinywa, anaangalia kwanza ni nani waliokaa mbele yake. Kompaila nayo inauliza swali hilo hilo, na jibu lake linaandikwa kwa machaguo.

Kompaila inayojulikana zaidi katika kazi hii ni GCC, iliyotolewa mara ya kwanza mwaka wa 1987 na Richard Stallman. Upande wa prosesa ndogo zinazofichwa ndani ya vifaa, jamii iliyoenea sana ni ARM. Hiyo ilizaliwa katika kampuni ya Acorn, mjini Cambridge, Uingereza, na chipu yake ya kwanza ilifanya kazi mwaka wa 1985. Tangu hapo kumekuwa na vizazi: ARMv4, ARMv5, ARMv6, ARMv7 na kuendelea. Kwa sehemu kubwa, kizazi kipya cha prosesa hizo za biti 32 kinaelewa maagizo ya kizazi cha zamani, lakini cha zamani hakielewi maneno mapya. Ni sawa na lugha ya nyumbani. Kijana anamwelewa babu yake, ila babu akisikia misemo ya vijana wa barabarani anabaki kuuliza wanasema nini.

Hapo ndipo linapoingia chaguo la -march. Mtu akiandika -march=armv6, anaiambia kompaila isitumie neno lolote lililokuja baada ya kizazi cha 6. Kuna na -mtune, inayopanga maagizo vizuri kwa ajili ya prosesa fulani bila kuzifungia nyingine mlango. Halafu -mcpu inafanya yote mawili kwa pamoja. Kwa mwanafunzi tofauti hiyo inaonekana ndogo, lakini ndiyo tofauti kati ya kumpendelea mgeni mmoja na kuwafukuza wengine.

Mfano mzuri wa uzito wa herufi hizo ulitokea mwaka wa 2012. Tarehe 29 Februari mwaka huo, shirika la Raspberry Pi Foundation la Uingereza, ambalo Eben Upton ni mmoja wa waanzilishi wake, lilianza kuuza kompyuta ndogo inayoenea kwenye kiganja cha mkono. Bei ilikuwa dola 35. Ilitengenezwa kwa ajili ya watoto wa shule, ili wajifunze kuandika programu bila kuogopa kuharibu kompyuta ya nyumbani. Ndani yake kulikuwa na prosesa ARM1176JZF-S ya megahezi 700 na kumbukumbu ya megabaiti 256. Prosesa hiyo ni ya kizazi cha ARMv6, lakini ilikuwa na kitu cha thamani: sehemu maalumu ya kupiga hesabu za desimali.

Kompyuta hiyo ilihitaji mfumo wa kuiendesha, na Debian, mfumo huru wa Linux unaotunzwa na watu wa kujitolea duniani kote, ulikuwa na milango miwili ya ARM. Mlango wa kwanza uliitwa armel. Uliwapokea hata wazee wa ARMv4, lakini hesabu zote za desimali zilifanywa na programu, pole pole, hata kama prosesa ilikuwa na sehemu yake maalumu. Mlango wa pili, armhf, ulikuwa mpya. Huo uliitumia sehemu ya desimali vizuri kabisa, lakini ulidai prosesa iwe ya ARMv7 ao zaidi. Raspberry Pi ilikuwa katikati, kama mtoto aliyekwisha kumaliza shule ya msingi lakini sekondari haimpokei. Kwa armel ingefanya kazi huku kipaji chake kimelala. Kwa armhf ingekufa mapema, kwa sababu programu za huko zina maagizo kama movw na movt, ambayo prosesa yake haikufundishwa.

Watu wa Debian hawakuwa na nia mbaya. Walipoanzisha armhf, prosesa mpya zenye sehemu ya desimali zilikuwa kwa wingi za ARMv7, na kila mjenzi lazima aweke kizingiti fasi fulani. Lakini kizingiti kikishawekwa, kuna anayebaki chini yake. Mwezi wa Aprili 2012, Raspberry Pi ilipewa mfumo wa Debian uliopitia mlango wa armel, na wanunuzi wakawa na mashine inayotumia sehemu tu ya nguvu waliyoilipia.

Kwa nini basi mtu asibadilishe programu chache tu zinazohitaji hesabu nyingi, na kuziacha nyingine kama zilivyo? Jibu liko katika chaguo lingine, -mfloat-abi. Programu moja inapoiomba nyingine ipige hesabu, lazima ziwe zimepatana ni wapi namba itawekwa. Kwa -mfloat-abi=soft, namba ya desimali inapitia katika rejista za kawaida za prosesa. Kwa hard, inapitia katika rejista za ile sehemu ya desimali. Ni kama watu wawili wa nyumba moja wanaoachiana ufunguo: mmoja anauweka chini ya jiwe, mwingine anautafuta juu ya mlango. Kila mmoja ana utaratibu mzuri, ila pamoja hawawezi kuingia ndani. Kuna na softfp, inayotumia sehemu ya desimali lakini inaendelea kuweka ufunguo chini ya jiwe la zamani. Hiyo inapatana na soft, lakini kila namba inahamishwa huku na huku, na muda unapotea.

Kwa hiyo anayetaka hard lazima aijenge nyumba yote upya, kuanzia maktaba ya msingi ya C hadi programu ya mwisho ya kuchora picha. Watu wawili wa kujitolea, Mike Thompson na Peter Green, waliichukua kazi hiyo. Walichagua -march=armv6, -mfpu=vfp na -mfloat-abi=hard, yaani: zungumza na mzee wa kizazi cha 6, tumia sehemu yake ya desimali, na namba zipitie humo. Kwa machaguo hayo walizijenga upya paketi za Debian. Mwezi wa Juni 2012 walikuwa wamefikia paketi zaidi ya 35.000. Mfumo waliouzaa uliitwa Raspbian, na mwezi wa Julai Raspberry Pi Foundation ikaanza kuupendekeza kwa watumiaji wake.

Kazi hiyo haikuwa ya kubonyeza kitufe kimoja na kwenda kulala. Raspberry Pi yenyewe ilikuwa dhaifu mno kuweza kujenga paketi nyingi hivyo, kwa hiyo zilijengwa kwenye mashine za ARM zenye nguvu zaidi, za kizazi cha ARMv7. Hapo kuna mtego. Baadhi ya programu, wakati wa kujengwa, zina tabia ya kuichungulia mashine iliyopo na kujichagulia maagizo yake. Nyingine zimeandikiwa ndani yake kwamba ARM ni ARMv7 tu. Paketi ya namna hiyo inajengwa bila kosa na inajaribiwa kwa mjenzi bila kosa, kisha inafika kwa mtoto wa shule na kufa mkononi mwake. Dawa ni kuikagua kila paketi kabla ya kuitoa. Faili ya ARM inabeba ndani yake alama ya kizazi ilichotengenezewa, na amri ya readelf -A inaionyesha. Faili ikisema v7 fasi inapotakiwa kusema v6, inarudishwa.

Miaka mitatu baadaye uamuzi wao ulipimwa. Februari 2015 ilitoka Raspberry Pi 2, yenye prosesa ya ARMv7. Kwa wengi hiyo ndiyo ingekuwa nafasi ya kupandisha kizingiti na kuwaacha wa zamani nyuma. Kizingiti hakikupandishwa. Novemba mwaka huo huo ikatoka Raspberry Pi Zero, ndogo kuliko zote, kwa bei ya dola 5, na ndani yake ilikuwa ile ile prosesa ya zamani ya ARMv6. Kama mfumo ungekwisha kuhamia ARMv7, mashine ya bei ya chini kuliko zote, ile ambayo mwenye mfuko mwepesi angeweza kuinunua, ingezaliwa inje ya mlango.

Wanaopinga wana hoja yao, na ni ya haki. Mwenye mashine mpya aliyenunua nguvu zaidi anapewa programu zilizotafsiriwa kwa lugha ya mzee, na sehemu ya nguvu hiyo haitumiki. Lakini kuna njia za kupunguza hasara bila kumfukuza mtu. Mfumo huo ulibeba kiini cha Linux cha namna zaidi ya moja, na kila mashine ikawaka na kinachoifaa. Programu nzito, kama za kuchezesha video, zinaweza kubeba tafsiri mbili ndani yake na kuchagua zinapofunguliwa. Na mwaka wa 2022 mfumo huo, ambao tangu 2020 unaitwa Raspberry Pi OS, ulitolewa rasmi pia kwa biti 64 kwa ajili ya mashine mpya. Ule wa biti 32 haukuondolewa: toleo la mwaka wa 2023 bado lilikuwa linaikubali hata Raspberry Pi ya kwanza.

Jambo hili linawahusu pia vijana wanaojifunza kuandika programu katika miji ya Kongo. GCC ina chaguo moja tamu linaloitwa -march=native. Maana yake ni: tengeneza kwa ajili ya mashine hii hii iliyo mbele yangu. Kwa mtu anayejitengenezea mwenyewe halina ubaya. Kwa anayetengeneza programu ya kugawia wengine ni hatari, kwa kuwa anayeandika programu ndiye mara nyingi mwenye mashine nzuri kuliko wote atakaowagawia. Programu ya kliniki, ya shule ao ya redio ya jamii itakwenda kufunguliwa kwenye kompyuta iliyopita mikono mitatu. Mtengenezaji ataiona ikikimbia kwake, na hatajua kwamba kule ilikokwenda haikufunguka hata siku moja.

Mfano mwema upo. Kiwix, programu huru inayowezesha kusoma Wikipedia bila intaneti, inatoa pia faili zilizotengenezwa kwa ajili ya ARMv6. Ni neno moja tu katika orodha ya kupakua. Lakini kwa shule isiyo na intaneti, iliyopewa Raspberry Pi ya kwanza ambayo mwenyewe hakuitaka tena, neno hilo ndilo linaloifanya zawadi iwe maktaba.

Kujua mashine za watu si kazi ngumu. Kwenye Linux, amri ya uname -m inatosha kuanzia: Raspberry Pi ya kwanza itajibu armv6l, ya pili itajibu armv7l. Kijana anayetaka programu yake itumike kijijini aulize kwanza ni vifaa gani viko huko, akiandike kile cha chini kabisa, halafu aichague -march yake kufuatana na hicho. Akitaka mwendo kwa wenye vifaa vipya, atumie -mtune, ao atengeneze faili ya pili. Na kabla ya kuigawa programu, aijaribu kwenye mashine ya yule aliye nyuma kuliko wote, huku mwenye mashine hiyo akiwa amekaa karibu naye.