Hela ya mabati na AC ya gari

Najua nimeadimika, zamu zimenibana mno.

Nimesikia maneno: "Kapunguza hela ya mabati ya mama, eti katengeneza AC ya gari." Ni kweli. Ngojeni niwaeleze.

Hapa Jozi husimami kwenye roboti (ndivyo wanavyoita taa za barabarani) kioo kikiwa wazi. Sasa Januari ndiyo kiangazi chenyewe, na AC ilikuwa imekufa. Mchana mmoja karibu na Hillbrow jasho likanishinda, nikashusha kioo kidogo tu. Mkono ukaingia, simu ikaenda. Ndiyo sababu wiki ile hamkunipata. Mama usishtuke, sikuumia, niliogopa tu presha yako ingepanda.

Fundi wa kwanza alinijazia gesi, randi 700. Siku tisa, joto lile lile. Nikarudi, akajaza tena, 700 nyingine. Na mimi nesi mzima nikakubali! Mgonjwa anavuja damu ndani, wewe unamtundikia dripu tu? Gesi ya AC haiishi kama petroli. Ikipungua, ujue kuna mahali inavuja.

Nikapelekwa kwa fundi Mkongo kule Jeppestown, Kiswahili chake cha Lubumbashi, tulicheka sana. Alifungua bampa akanionyesha kondensa. Ni kama rejeta nyembamba, imesimama mbele ya rejeta yenyewe. Gesi inatoka kwenye kompresa ikiwa ya moto, inapozwa humo mpaka inageuka kimiminika. Yangu ilikuwa na doa la mafuta, na katikati ya doa tundu kama la sindano. Kijiwe cha barabarani tu, labda kilirushwa na lori!

Akaweka kondensa mpya, kichujio cha unyevu na mipira ya maungio. Kisha pampu ikanyonya hewa yote karibu saa nzima, maana unyevu ukibaki ndani unaharibu mfumo. Gesi aliipima kwa mzani. Jumla randi 3,400, na sasa naendesha vioo juu bila kuoga jasho.

Hizo 3,400 haziniumi. Zinaniuma zile 1,400 za yule wa kwanza, yale ndiyo mabati yenu hasa.

Shangazi, yaliyobaki natuma mwisho wa Februari. Namba mpya anayo mdogo wangu. Mama, nipigie Jumapili, nipo mapumziko.