Ng'ombe Wako Si Tasa: Hesabu Siku

Liko neno moja linalotamkwa haraka mno vijijini. Neno hilo ni "tasa". Ng'ombe akikaa muda mrefu bila kushika mimba, watu husema, "Huyo ni tasa, mpeleke mnadani." Mimi ni ofisa wa elimu ya watu wazima hapa Rungwe, mkoani Mbeya. Mimi si bwana mifugo. Lakini nina ng'ombe wa maziwa bandani, na wanakisomo wetu wengi wanao pia. Nimeona kwamba mara nyingi kosa si la ng'ombe. Siku zake hazikuhesabiwa.

Mwaka 2019 mama mmoja wa darasa letu, mjane, alikuwa na ng'ombe aliyezaa miezi 14 nyuma. Maziwa yalikuwa yamepungua mpaka lita 2 kwa siku. Shemeji yake alitaka auzwe kwa mchinjaji. Bwana mifugo alikuja, akampima, akakuta kizazi chake ni kizima. Akauliza, "Alitaka dume lini mara ya mwisho?" Hakuna aliyejua.

Tuliyajadili mambo hayo darasani. Ndani ya mwili wa ng'ombe mna vichocheo vinavyoitwa homoni. Homoni ni kama matarishi. Hutoka sehemu moja ya mwili, hupita katika damu, na kupeleka habari sehemu nyingine. Yai linapopevuka, homoni iitwayo estrojeni huongezeka. Hiyo ndiyo inayomfanya ng'ombe atake dume. Yai likishatoka, homoni nyingine, projesteroni, hushika zamu. Kazi yake ni kulinda mimba na kuzuia joto jingine. Kama mimba haikushika, siku ya 17 hivi kizazi hutoa homoni ya tatu, prostaglandini. Hii humwondoa mlinzi yule. Yai jingine hupevuka, na joto hurudi. Mzunguko huo huchukua siku 21. Kwa wengine ni siku 18, kwa wengine 24.

Sasa tufanye hesabu. Mwaka una siku 365. Mimba ya ng'ombe huchukua siku 280 hivi. Zinabaki siku 85. Baada ya kuzaa, ng'ombe apumzike siku 60 kizazi kirudi katika hali yake. Zinabaki siku 25 tu! Basi ukitaka ndama kila mwaka, una joto moja, pengine mawili. Joto lenyewe halizidi siku moja, na mara nyingi huanza usiku. Ukilikosa mara 5, umepoteza siku 105.

Je, utalijuaje? Ng'ombe wakiwa wengi, yule anayesimama na kutulia anapopandwa na mwenzake ndiye aliye kwenye joto. Kama ni mmoja bandani, mtazame alfajiri na jioni. Hulia, hatulii, hula kidogo, maziwa hupungua. Ute mwangavu kama ute wa yai huning'inia nyuma. Ukiona damu kidogo kwenye ute, joto limekwisha pita. Usihuzunike. Andika tarehe, na kuanzia siku ya 16 mwangalie sana.

Ukimwona asubuhi, apandishwe jioni ya siku hiyo. Ukimwona jioni, apandishwe kesho yake asubuhi. Mwite mhimilishaji mapema, kwa sababu yai likitoka halingoji. Ukishampandisha, usiache kuhesabu. Joto likirudi baada ya siku 21, mimba haikushika.

Tena, kumbuka chakula. Ng'ombe mwenye njaa, ambaye mbavu zake zinahesabika, huweza kukaa miezi bila joto. Ubongo wake husitisha homoni za uzazi ili mwili upone kwanza. Mpe majani ya kutosha, pumba, mashudu, chumvi ya madini na maji wakati wote. Kama ameshiba, unamwangalia vizuri, na bado joto halionekani au halishiki, mwite bwana mifugo. Yapo magonjwa ya kizazi yanayotibika.

Mama yule alitundika kalenda bandani na kufunga kalamu kwa uzi. Mwezi wa pili aliuona ute alfajiri. Jioni ng'ombe alipandishwa. Hakurudia joto, na mwaka uliofuata alizaa ndama jike. Shemeji hakutaja tena habari za mnada.

Ndugu msomaji, wewe sasa unajua kusoma, kuandika na kuhesabu. Kalamu yako isilale darasani. Iingie bandani.

Maswali ya kujadili
1. Ng'ombe wako alizaa tarehe ngapi? Siku ya 60 itakuwa lini?
2. Ng'ombe ameonekana kwenye joto tarehe 4 Machi asubuhi. Apandishwe lini? Kama mimba haikushika, joto litarudi tarehe ngapi hivi?
3. Nyumbani kwako, nani atamwangalia ng'ombe alfajiri, na nani jioni?