Sosiani ndani ya pikseli

Wiki hii nimecheza na QGIS, programu ya ramani isiyodai hata shilingi. Nikapakua picha za Landsat (za bure tangu 2008) na za Sentinel-2, setilaiti ya Ulaya iliyorushwa 2015. Ukizipandanisha, unaona Eldoret, jiji rasmi tangu Agosti 2024, ilivyomeza mashamba.

Ujanja ni huu: jani bichi hufyonza mwanga mwekundu na kurudisha kwa wingi mwanga mwingine usioonekana kwa macho. Bati halifanyi hivyo. Kompyuta inalinganisha hizo mbili, kila pikseli inapata namba yake.

Lakini mimi nilitaka ukingo wa mto Sosiani. Kanuni za ubora wa maji za 2006 zilikataza kulima au kujenga karibu na mto, kuanzia mita 6 hadi 30 kila upande, kwa kufuata kimo cha juu cha mafuriko. Sasa pikseli ya Sentinel-2 ni mita 10 kwa 10. Ya Landsat ni 30! Nyumba, mti na maji vyote vinakorogwa kuwa rangi moja, na hiyo kijani huenda ni sukumawiki tu.

Kwa hiyo akija mtu na ramani ya setilaiti akitaka nyumba ibomolewe, muulize kwanza ukubwa wa pikseli. Hata GPS ya simu hukosea mita kadhaa.

Picha imenionyesha pa kuanzia. Jumamosi nashuka mtoni na utepe wa kupimia na gambuti. Mwenye droni (na kibali chake) anitafute.