Musanze, Shule ya Baiskeli Chini ya Volkano

Msafiri aondokaye Kisoro asubuhi hufika mpaka wa Cyanika baada ya mwendo wa kilomita zipatazo 12. Akiisha kugongewa muhuri, jambo la kwanza analopaswa kulikumbuka si fedha wala lugha, bali ni upande wa barabara. Katika Uganda vyombo hupita kushoto. Katika Rwanda hupita kulia. Mwendesha baiskeli ambaye akili yake haijaamka sawasawa atajikuta uso kwa uso na lori la viazi hata kabla hajautazama vizuri mlima Muhabura.

Mlima huo, wenye urefu wa mita 4,127, ni mali ya nchi zote mbili, nao humsindikiza msafiri kwa mkono wa kulia. Nyuma yake hufuata Gahinga na Sabinyo, na upande wa kushoto, chini ya mashamba, huonekana maji ya ziwa Burera. Udongo wa huko ni mweusi, wenye rutuba nyingi, na kila shamba limezungushiwa ukuta wa mawe yaliyotapikwa na volkano zamani, ambayo wenyeji huyaita amakoro. Baada ya kilomita zipatazo 25 kutoka mpakani hufikiwa mji wa Musanze, uliokuwa ukijulikana kwa jina la Ruhengeri hadi mwaka 2006. Mji huo umekaa katika mwinuko wa mita zipatazo 1,850, na baridi yake ya alfajiri humkumbusha mgeni kwamba sweta si pambo. Mwenye Kiswahili hapati taabu sokoni, kwa maana biashara ya Kongo na ya Uganda imekipitisha huko tangu zamani, na mwaka 2017 Rwanda ilikifanya kuwa mojawapo ya lugha zake rasmi.

Kinachomshangaza mgeni zaidi ya milima ni baiskeli. Zimo kila mahali. Zinachukua abiria, magunia ya viazi, mitungi ya maziwa, mabati, na wakati mwingine kitanda kizima pamoja na godoro lake. Vijijini bado kuna zile zilizochongwa kwa mti mtupu, zisizo na pedali wala mnyororo, ziitwazo icugutu; wenzao wa Goma, upande wa Kongo, huziita chukudu. Kupanda mlima mchukuzi husukuma, mgongo umepinda, jasho likimtiririka. Kuteremka hupanda juu ya mzigo wake na kujiachia, na breki yake mara nyingi ni soli ya ndala iliyokandamizwa juu ya gurudumu la nyuma. Mtu akiwaona vijana hao wakishuka kwa kasi atadhani kwamba aliyezaliwa katika vilima hivyo hana la kufundishwa kuhusu baiskeli. Dhana hiyo ndiyo iliyopimwa Musanze, ikaonekana kuwa ni nusu tu ya kweli.

Habari yenyewe ilianza na Mmarekani mmoja, Tom Ritchey, fundi wa kuunda fremu. Yeye alikuwa miongoni mwa wale watu wachache wa California ambao, katika miaka ya 1970, walianza kuunda baiskeli nene zenye gia nyingi kwa ajili ya njia za milimani, yaani zile ambazo leo huitwa baiskeli za mlimani. Ritchey alizuru Rwanda mwaka 2005, akastaajabia zile baiskeli za mti, na mwaka uliofuata mashindano yalifanyika Kibuye, kando ya ziwa Kivu, ambapo baiskeli za mti na za chuma zote zilipata zamu yake. Katika msafara wake alikuwamo Jonathan Boyer, ambaye mwaka 1981 alikuwa Mmarekani wa kwanza kushiriki mashindano makuu ya Ufaransa, Tour de France. Boyer alirudi mwaka 2007 ili kuunda timu ya taifa, na makao ya timu hiyo yakawekwa Musanze.

Alichokikuta hakikuwa udhaifu. Vijana walipopandishwa juu ya mashine ya kupimia nguvu, miguu yao ilijibu vema kabisa. Wengine walikuwa wamechukua abiria na viazi kwa miaka mingi, na kazi hiyo huufunza moyo na mapafu pasipo mwalimu. Upungufu ulikuwa mahali pengine. Kijana alikuja mazoezini na tumbo tupu, akaendesha saa nyingi bila kunywa maji, akachoka ghafula kama taa iliyokwisha mafuta. Ndiyo sababu somo la kwanza la shule hiyo halikuhusu baiskeli hata kidogo, bali chai ya asubuhi. Kina mama wasomao ukurasa huu wataelewa mara moja. Mwili unaotumwa kazi ngumu hauwezi kukopa nguvu usizopewa, na sahani ya viazi, mayai na ndizi iliyoliwa mapema ina faida kuliko pakiti ya glukosi inayotafutwa kwa hofu njiani.

Likaja somo la kuteremka, na hapa ndipo wengi walipovuliwa kiburi.

Mwalimu wa baiskeli za mlimani haanzi kwa kumwambia mwanafunzi akimbie. Humshusha kwanza. Wote wawili hutembea kwa miguu kipande cha njia, pengine mita 50 tu, na mwalimu huuliza: hili jiwe utalipita upande gani? Hapa penye tope utafanya nini? Baada ya hapo baiskeli hupandwa, kiti kikiwa kimeshushwa, na mwanafunzi huamriwa asimame juu ya pedali zote mbili zikiwa sawa kama ubao wa mizani, magoti yamekunjwa kidogo, viwiko vimefunguliwa nje, uzito wake ukibebwa na miguu wala si na mikono. Mtu mwenye kukaza mikono hupokea kila jiwe begani mwake, na baiskeli humtupa kama punda aliyechokozwa. Mwenye kulegeza viungo huiacha baiskeli icheze chini yake, naye mwenyewe akatulia.

Lililo gumu kupita yote ni macho. Kila mtu anayeanza hutazama lile jiwe analoliogopa, na kwa kuwa mikono hufuata macho, hulipiga. Mwalimu humfundisha kutazama mbele, pale anapotaka kutokea, na kuliacha jiwe lipite lenyewe chini yake. Neno hili ni rahisi kulisoma. Kulitenda kwahitaji majuma mengi.

Breki nazo zina elimu yake. Wachukuzi wengi wa Afrika Mashariki huiogopa breki ya mbele, wakisimulia habari za fulani aliyerushwa juu ya usukani. Lakini baiskeli inaposimamishwa uzito wote huenda mbele, na kwa hiyo gurudumu la mbele ndilo lenye uwezo mkubwa wa kusimamisha. Aitumiaye breki ya nyuma peke yake huburuta tairi, hupoteza mwelekeo, na huchelewa kusimama. Mwanafunzi hufundishwa kuibana ya mbele pole pole, kwa kidole kimoja, huku akirudisha makalio nyuma, na kumaliza kazi ya breki kabla ya kuingia kwenye kona. Ndani ya kona hasa juu ya tope la volkano, gurudumu lililofungwa na breki haligeuki tena, huteleza. Katika kona hiyo hiyo pedali ya upande wa nje hukanyagwa chini, baiskeli hulazwa, na kiwiliwili hubaki kimesimama. Na katika kupanda, gia hubadilishwa kabla mlima haujakolea, mwendeshaji akasogea kwenye ncha ya kiti na kuinama, ili gurudumu la mbele lisiinuke na la nyuma lisitafune hewa.

Kila kipande hurudiwa mara 10, mara 20. Mwalimu husimama kando, akitazama. Hapo ndipo thamani yake ilipo, kwani mwendeshaji hajioni. Huamini ya kwamba ameinama kumbe amekaza mgongo. Huamini kwamba ametazama mbele kumbe anaangalia tairi. Askari yeyote aliyepita katika uwanja wa shabaha anaijua hali hii: huapa kwamba alivuta kifyatulio taratibu, hata mkufunzi aliyelala kando yake amwambie kwamba alikivuta kwa kishindo na kufumba macho. Miaka 20 ya kuteremka na magunia yaweza kuwa miaka 20 ya kulikomaza kosa lile lile.

Matunda ya shule hiyo yanaonekana katika maisha ya Adrien Niyonshuti, mzaliwa wa Rwamagana, mmoja wa vijana watano wa kwanza waliochaguliwa na Boyer. Mauaji ya kimbari ya mwaka 1994 yalimpokonya ndugu zake sita wa tumbo moja, naye akiwa mtoto. Baiskeli ilimtoa nyumbani, ikamfikisha mwaka 2009 katika timu moja ya Afrika Kusini. Tarehe 12 Agosti 2012, baada ya kuibeba bendera ya nchi yake katika ufunguzi wa michezo ya Olimpiki ya London, alisimama kwenye mstari wa mashindano ya baiskeli za mlimani huko Hadleigh Farm, mashariki ya London. Njia ya huko ilikuwa imejengwa kwa mawe makubwa na miteremko mikali. Katika mashindano hayo anayepitwa mno na walio mbele huondolewa uwanjani. Niyonshuti alimaliza katika nafasi ya 39. Waliozoea kuhesabu medali tu watainua mabega. Lakini wenzake wengi wa uwanja ule walikuwa na makocha tangu utotoni, na yeye alikuwa amefundishwa kwa miaka mitano tu. Mwaka 2016 mwenzake wa kundi lile la kwanza, Nathan Byukusenge, naye aliendesha baiskeli ya mlimani katika Olimpiki ya Rio de Janeiro.

Boyer aliondoka Rwanda mwaka 2017. Hofu ya siku zote katika kazi zilizoanzishwa na mgeni ni kwamba mgeni akifunga sanduku lake, kazi nayo hufungwa. Jibu moja limetoka Rwamagana, ambako Niyonshuti alianzisha shule ya watoto wa baiskeli inayobeba jina lake. Jibu la pili lilionekana Kigali, kuanzia tarehe 21 hadi 28 Septemba 2025, wakati mashindano ya dunia ya baiskeli za barabarani yalipofanyika Afrika kwa mara ya kwanza. Washindi wakuu walitoka mbali, na vilima vya Kigali viliwatoa njiani wengi kabla ya kumaliza. Bado kuna umbali mrefu kati ya vijana wa huku na wale. Ni umbali wa makocha, vifaa na safari za mashindano kuliko wa miguu.

Msafiri asiye na nia ya Olimpiki naye anaweza kujifunza. Kutoka Rubavu, kufuata ziwa Kivu hadi Rusizi, ipo njia ya kilomita 227 iitwayo Njia ya Kongo na Nili, inayopita katika mashamba ya kahawa na chai, na wako waongozaji wanaojua kila kona yake. Aliye na familia atatosheka na barabara za udongo zinazozunguka maziwa Burera na Ruhondo. Kabla ya kuondoka aombe saa moja au mbili za mafunzo, avae kofia ngumu iliyofungwa kidevuni, apunguze upepo kidogo katika tairi ili zishike ardhi. Baba anayemfundisha mtoto asiinue kiti juu kwa matumaini ya kwamba mtoto atakua. Miguu isiyofika chini huzaa woga, na woga huo huchelewa kutoka.

Jioni, wakati ukungu unaposhuka kutoka Muhabura, vijana wa mazoezi hurudi mjini wakifuatana kwa mstari mmoja, na watoto wenye icugutu husimama kando ya barabara kuwatazama. Mstari ukipita, wale wadogo huburuta vyombo vyao vya mti hadi juu ya kilima, hukunja magoti, hufungua viwiko nje, na kujiachia.