Nauli ya Safari ya Pili

Morogoro,
14 Septemba 2025

Mpwa wangu mpendwa,

Mama yako alinikabidhi andiko lako alipokuja msibani, nami nimelisoma lote pamoja na bajeti. Unataka kuandaa vipindi vya redio kuhusu tembo wanaovuka bonde la Kilombero kati ya hifadhi za Udzungwa na Nyerere, na umeniuliza umpelekee mfadhili gani. Nitakujibu, lakini kwanza tuongee habari ya bajeti.

Umeweka kamera mpya. Umeweka mawasiliano. Umeweka dharura, asilimia kumi, kama mnavyofundishwa kwenye semina. Usafiri umeupa mstari mmoja: Ifakara hadi Mang'ula, kwenda na kurudi, basi. Sasa niambie, mjomba. Utafika kijijini asubuhi, mtendaji hayupo, kaitwa wilayani. Utamsubiri kwenye benchi la ofisi. Saa nane atatokea, ataomba barua ya utambulisho, atampigia mwenyekiti. Jioni utaonyeshwa mahindi yaliyolala chini na nyayo za tembo kwenye tope, na watu watano watakwambia kwa pamoja kwamba serikali haiwajali. Hiyo ni stori ya siku moja na imeshatangazwa mara nyingi. Mwenye shamba hatakueleza kama alijaza fomu ya kifuta jasho cha serikali kwa mazao yaliyoharibiwa na wanyamapori, nani aliipokea na amelipwa kiasi gani, maana hayo hayasemwi mbele za watu. Kanuni za malipo hayo zipo tangu 2011. Namna zinavyofanya kazi kwenye kijiji kimoja ndiyo habari. Mfugaji wa Kisukuma anayelaumiwa kwa kuziba ushoroba, njia ya tembo, hutamwona, maana yuko mbali na barabara na utahitaji mkalimani kwa wazee wake. Yule mama anayekesha kwenye dungu kulinda mpunga wake, akigonga debe tembo wakisogea, hutakuwa umekesha naye.

Hayo yote hupatikana safari ya pili, ukishakuwa mgeni anayejulikana. Futa kamera. Weka safari ya pili, na ya tatu miezi kadhaa baadaye, baada ya mavuno. Weka boda kutoka barabarani hadi mashambani, weka malazi, weka mkalimani. Mfadhili makini akiona mistari hiyo anajua anaongea na mtu aliyewahi kufika huko.

Nakwambia haya kwa sababu najua vyumba vya habari. Mwandishi wa mkoani analipwa kwa stori iliyotoka, na stori ya vyura au ya mikoko hailipwi zaidi ya stori ya mkutano wa diwani, ambayo unaiandika ukiwa umekaa na nauli umepewa na mwenye mkutano. Mhariri anaweza kuipenda misitu kwa moyo wote na bado asiwe na lita kumi za mafuta za kukupa. Ndiyo maana habari za mazingira kwetu zimebebwa muda mrefu na fedha za nje ya chumba cha habari. Chama cha Waandishi wa Habari za Mazingira Tanzania, JET, kipo tangu 1991 na kimeishi kwa miradi. Mfuko wa Vyombo vya Habari Tanzania, TMF, ulipoanza mwaka 2008 ulitoa ruzuku na mlezi juu yake, mhariri mzoefu wa kukuuliza maswali kabla hujaondoka na baada ya kurudi, na kwa maoni yangu mlezi alikuwa na thamani kuliko fedha.

Fedha hizi zina misimu. Sensa ya 2014 ilihesabu tembo 43,330 nchi nzima, wakati 2009 walikuwa zaidi ya 109,000. Wafadhili wakashtuka, na kwa miaka kadhaa aliyeandika neno "ujangili" kwenye andiko lake alisikilizwa upesi. Leo ni tabianchi na hewa ya ukaa. Halafu kuna msimu wa ukame wenyewe: Januari mwaka huu Marekani ilisimamisha misaada yake ya nje, na Julai shirika lake la misaada, USAID, likafungwa. JET ilikuwa ikifanya kazi na mradi wao wa Tuhifadhi Maliasili. Fedha ikikauka namna hiyo, shoroba hazikauki nayo. Tembo wanapita usiku uleule na hakuna anayeandika.

Sasa chanzo cha fedha. Kuna wenzako wanaosema hela ya mzungu ina sumu, wengine wanasema hela ni hela. Mimi siko upande wowote. Chukua mfano ulio huko huko kwenu, upande wa Mlimba: Kihansi.

Mwaka 1996 watafiti walimkuta pale chura mdogo wa manjano, urefu wake hauzidi sentimita tatu, hatagi mayai bali huzaa watoto wazima wazima. Duniani kote aliishi kwenye bonde la mto Kihansi tu, ndani ya manyunyu ya maporomoko. Bwawa la umeme lilikuwa linajengwa tayari. Mitambo ya megawati 180 ilipoanza kazi mwaka 2000, sehemu kubwa ya maji ikachepushwa na manyunyu yakakatika. Vyura 499 wakapelekwa Marekani kuzalishwa kwenye bustani za wanyama, na pale bondeni pakafungwa mabomba ya kunyunyiza maji kuiga maporomoko. Mwaka 2003 waliobaki wakaanza kufa ghafla; ugonjwa wa kuvu ukatajwa. Mwaka 2009 wakatangazwa wametoweka porini. Wa Marekani wakazaliana, wengine wakarudishwa Dar es Salaam 2010, na 2012 wakaachiwa tena Kihansi.

Bwawa lile lilijengwa kwa fedha za Benki ya Dunia na wahisani kadhaa, Norway ikiwamo. Norway hiyohiyo mwaka 2018 iliiwezesha Pulitzer Center kuanzisha mfuko wa waandishi wa misitu ya mvua: Amazon, Bonde la Kongo, Asia ya Kusini-Mashariki. Mfuko huo umewafikisha waandishi wa Kongo mahali ambapo magazeti yao yasingeweza kuwapeleka, na sioni aibu ndani yake. Ninachosema ni kwamba mkono uliolipia umeme ndio uliokuja kulipia habari za msitu, na mwandishi wa Kihansi anayetaja chura bila kutaja nani alilipia bwawa ameandika nusu. Mwenye bwawa naye ana hoja yake, maana umeme ule tunauwasha hata mimi ninayekuandikia. Itaje pia.

Kinachonitia shaka ni ziara, si ruzuku. Shirika linaloendesha hifadhi linakodi basi dogo, linawachukua waandishi kumi na wawili, linawalaza kambini, posho jioni, na asubuhi meneja anauliza stori zitatoka lini. Wiki inayofuata magazeti yana kichwa cha habari kimoja. Ukialikwa, nenda, ujue njia na majina, lakini usiiite utafiti, na wanakijiji ukawatafute siku nyingine kwa nauli isiyo ya shirika.

Jibu la swali lako: mfuko wa misitu ya mvua haukuhusu, wewe hauko Bonde la Kongo. Jaribu Earth Journalism Network ya Internews, ambao wamekuwa wakitoa ruzuku za habari za bioanuwai kwa waandishi wa nchi kama yetu. Mara nyingi wanataka barua ya mhariri anayekubali kurusha kazi, kwa hiyo mwone meneja wako wa redio kesho, usingoje siku ya mwisho. Andiko litakuwa la Kiingereza, hilo halikwepeki. Kipindi kitoke kwa Kiswahili na kirushwe saa ambazo watu wamerudi kutoka shambani. Soma masharti kipengele kwa kipengele, hasa panapoandikwa nani atapitia kazi kabla haijatoka. Kama mfadhili anataka kuiidhinisha, achana naye.

Andiko nimeliwekea alama za kalamu nyekundu na nalituma kwa basi la Ijumaa, bahasha ina jina lako. Ukurasa wa tatu nimeufuta wote, ule wa "kuelimisha jamii". Jamii hiyo inakesha kwenye dungu, inawajua tembo kuliko sisi. Andika hapo maswali utakayouliza kwenye ofisi ya wanyamapori ya wilaya kuhusu fomu za kifuta jasho, kisha unirudishie nisome tena kabla hujatuma.

Mjomba wako